Mashine ya MRI bila mtu aliyefunzwa ni sumaku ghali tu

Ami yangu ni mtu wa Wasini. Kama hujawahi kufika, Wasini ni kile kisiwa unachokiona ukisimama gatini Shimoni, kusini mwa Kwale. Hakuna gari kule, na watalii huvuka wakienda kutazama pomboo wa Kisite. Ami amezamia pweza tangu utotoni. Hana mtungi wa hewa, ana miwani na chuma chake tu. Ukiketi naye barazani atakwambia dakika moja chini ya maji si jambo la kujisifia.

Sasa nieleze wewe: mtu kama huyu atashindwaje kushika pumzi kwa sekunde 20?

Alishindwa. Ndivyo ripoti ya MRI ilivyosema, kwa Kiingereza kirefu ambacho kwa lugha yetu maana yake ni hii: mgonjwa alitikisika, picha hazisomeki, kipimo kirudiwe.

Wacha nikupe stori yote. Mwaka jana macho ya ami yaligeuka manjano, ngozi ikamwasha usiku kucha. Alipopigwa ultrasound, mirija ya nyongo ilionekana imevimba, lakini kinachoiziba hakikuonekana. Daktari akaagiza MRI ya tumbo. Tukafungua kikundi cha WhatsApp, tukachanga, kama kila familia Kenya inavyofanya.

Siku ya kipimo ami alivuka na mashua baada ya sala ya Alfajiri. Kutoka Shimoni akapanda matatu hadi Ukunda, Ukunda akabadilisha hadi Likoni, tukakutana kwenye feri, halafu tuktuk. Alikuwa hajala tangu usiku kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Akaingizwa kwenye lile tundu, masikio yamezibwa, mashine ikaanza kugonga kama fundi bati. Akatoka. Tukaambiwa turudi nyumbani, majibu yatakuja.

Majibu ndiyo hayo niliyokwambia.

Nilipomuuliza nini kilitokea mle ndani, alinijibu, "Mwanangu, kulikuwa na Mzungu anasema. Nikadhani anazungumza na wenzake."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Yule "Mzungu" ni sauti iliyorekodiwa ndani ya mashine. Ndiyo iliyokuwa ikimwambia avute pumzi, aishike, aiachie. Ami alikuwa akipumua kama mtu aliyelala mkekani kwake, huku mashine ikidhani ameshika pumzi. Hakuna aliyemweleza kabla ya kuingia. Na hakuna aliyetazama picha kwenye skrini na kusema, ngoja kwanza, hizi hazifai, huyu mzee asishuke kitandani.

Hospitali siitaji, na yule kijana aliyempima simlaumu. Alikuwa rika langu, peke yake, na foleni ndefu nje ya mlango. Ninayemlaumu ni yule aliyeamua kwamba ukishanunua mashine, kazi imekwisha.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Tunahesabu mashine wakati tungepaswa kuhesabu watu waliofunzwa kuzitumia. Na ninaposema kufunzwa sina maana ya kujua kitufe cha kuwasha. Nina maana ya kujua kumpima mtu na pia kujua kuitathmini picha papo hapo, mgonjwa akiwa bado amelala pale. Kwa mtu anayeishi mtaa wa pili na hospitali, kurudia kipimo ni usumbufu. Kwa mtu wa Wasini ni mashua, matatu mbili, feri, njaa, na mchango mwingine wa WhatsApp.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu hii mashine, kwa sababu wengi wetu tunadhani ni X-ray iliyonona. Siyo. X-ray hutumia mionzi. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Mwili wako umejaa maji, na kila tone la maji lina haidrojeni. Sumaku hupanga viini vya haidrojeni, mawimbi ya redio huvisukuma, na vikirudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta hugeuza kuwa picha. Mashine ya kawaida ya tesla 1.5 ina nguvu ya takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia hii unayoikanyaga.

Ishara hizo hukusanywa polepole. Simu yako hupiga picha kwa kufumba na kufumbua, lakini MRI hukusanya picha kwa sekunde nyingi, nyingine kwa dakika. Ukipimwa goti, mambo rahisi, goti halipumui. Ukipimwa kichwa, unaambiwa utulie. Lakini tumbo halina utulivu. Ini hupanda na kushuka sentimita kadhaa kila unapopumua, utumbo unajikunja, moyo unapiga hapo juu yake. Ndiyo maana wenyewe husema kupima mwili, yaani ini, kongosho, figo na nyonga, ni kazi ngumu kuliko kupima goti.

Radiografa aliyefunzwa kazi hii anajua kwamba picha nyingine zinataka pumzi ishikwe sekunde 15 hadi 20, na nyingine mgonjwa anaruhusiwa kupumua mradi apumue kwa mpigo mmoja. Anajua pa kufunga mkanda unaofuata pumzi. Anajua mgonjwa mwenye njaa na hofu hatashika pumzi mara 15 mfululizo, kwa hivyo zile picha muhimu anaanza nazo. Hayo hayamo kwenye kitufe. Yamo kichwani mwa mtu.

Halafu ndiyo tuje kwenye kutathmini. Hapa watu huniambia, "Bro, kusoma picha ni kazi ya daktari wa radiolojia." Kweli kabisa. Kusema hili ni jiwe au hili ni uvimbe ni kazi ya daktari. Lakini kusema picha hii inatosha kusomwa ni kazi ya aliyeipiga. Je, ini lote limeingia au limekatwa juu? Mrija wa nyongo unaonekana hadi mwisho wake? Kuna vivuli vya mtu aliyepumua? Mafuta yamezimwa sawasawa au upande mmoja unang'aa? Kuna doa jeusi la kifungo cha chuma kilichosahaulika? Maswali haya yanataka dakika mbili na jicho lililofundishwa. Mpishi wa biriani hasubiri mgeni amwambie chumvi imezidi. Anaonja kabla ya kupakua.

Mara ya pili tulimpeleka ami hospitali nyingine. Safari ile ile, njaa ile ile. Lakini safari hii tulipokelewa na dada mmoja ambaye, kabla ya lolote, alimwamkia, "Shikamoo mzee," akaketi naye. Akamuuliza kazi yake. Ami akamwambia ni mzamiaji. Dada akacheka, akasema, "Basi mzee wangu, leo hatutaki pumzi ya pweza."

Akamweleza. Mzamiaji hujaza kifua, kisha huzama. Lakini kifua kilichojaa hakijai kwa kiasi kile kile kila mara, kwa hivyo ini linakaa mahali tofauti kwenye kila picha. Yeye alitaka ami atoe pumzi, kisha ashike hapo hapo, kifua kikiwa kitupu. Kwa ami hilo lilikuwa jambo geni, maana ni kinyume cha maisha yake yote. Walifanya mazoezi pale kwenye kiti mara tano. Akampa pia kikombe cha juisi ya nanasi. Mimi nikadhani ni ukarimu tu, kumbe ni sehemu ya kipimo. Nanasi lina manganizi, ambayo hufifisha maji ya tumboni kwenye picha ili yasiifunike mirija ya nyongo. Nanasi, jamani! Lile lile tunaloliona likiuzwa barabarani kila siku.

Sauti ya Kiingereza aliizima. Alimsemesha mwenyewe kupitia maikrofoni: vuta, toa, shika hapo hapo, haya pumua. Kila picha ilipotoka aliitazama. Mbili hazikumpendeza, akazirudia dakika ile ile. Saa moja haikuisha. Ripoti ilipokuja ilisema ni jiwe. Likatolewa, na macho ya ami yakarudi kuwa meupe.

Kati ya kipimo cha kwanza na cha pili zilipita wiki tatu. Tulibahatika, lilikuwa jiwe. Lingekuwa uvimbe kwenye kongosho, zile wiki tatu zingerudishwa na nani?

Sasa, kuna anayeuliza: kwani tofauti ya hawa wawili ni roho nzuri tu? Hapana. Nilimuuliza yule dada alijifunzia wapi. Alisema chuoni alifundishwa zaidi X-ray, na MRI aliipata kazini, chini ya mkubwa mmoja aliyekuwa mkali. Aliyemfundisha hakumruhusu kumshusha mgonjwa kitandani kabla ya kueleza kila picha ina nini na ina kasoro gani. Yaani alibahatika kupata mwalimu. Na yule kijana wa kwanza, nikikisia, aliachiwa mashine baada ya siku chache za maelezo, kisha akaambiwa foleni isimame, isisimame, ni shauri yake.

Afya ya watu haiwezi kutegemea bahati ya nani alimpata mwalimu.

Na hii si hadithi ya MRI peke yake. Unakumbuka ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali wa 2015? Serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya kupeleka vifaa kwa hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa. X-ray, ultrasound, vifaa vya figo, vyumba vya upasuaji. Kila kaunti ikakatwa milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikapandishwa hadi milioni 200. Seneti ilipokuja kuuchunguza na kutoa ripoti 2020, mojawapo ya malalamiko makubwa yalikuwa vifaa vilivyolala tu kwa sababu hakuna wataalamu wa kuvitumia, au hakuna stima au maji ya kutosha. Picha za uzinduzi tuliziona. Utepe ulikatwa. Mtu wa kuketi nyuma ya mashine ndiye aliyesahauliwa.

Tena mashine hii ikiwa na mtu asiyefunzwa si kwamba inatoa picha mbaya tu. Inaua. Januari 2018, katika hospitali moja mjini Mumbai, kijana aliyempeleka jamaa yake kupimwa aliingia chumba cha MRI akiwa amebeba mtungi wa oksijeni wa chuma. Jamaa zake walisema waliambiwa mashine imezimwa. Alivutwa pamoja na mtungi, akafa. Jambo ambalo kila mfanyakazi wa pale angepaswa kulijua hata akiamshwa usingizini ni kwamba sumaku ile haizimwi kama taa. Picha zisipopigwa, sumaku iko. Stima ikikatika, sumaku bado iko.

Nimesikia pia hoja ya AI. Kwamba mashine mpya zitajirekebisha, kompyuta itasafisha picha, kwa hivyo tusijisumbue na mafunzo. Mimi AI naitumia kila siku, siipingi. Na ni kweli mashine mpya zinafupisha muda na kupunguza ukungu. Lakini hakuna kompyuta iliyojua kwamba ami alidhani Mzungu anaongea na wenzake.

Pesa je? Najua utaniambia hazipo. Basi sikiliza hii. Mwaka 2022, Mbarara, Uganda, katika chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, walijenga MRI ndogo. Sumaku dhaifu ya tesla 0.05, vipande vyote vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi walikuwa wanne na waliofundishwa walikuwa sita, watu ambao hawakuwa wamewahi kujenga kitu kama hicho. Kutoka masanduku kufika hadi picha ya kwanza, siku 11 hivi. Ni mashine ya kusaidia hasa watoto wenye maji kichwani, haiwezi kufanya kazi aliyofanyiwa ami. Lakini ona hesabu yake: wakufunzi wanne kwa wanafunzi sita. Kule mafunzo hayakuwa kiambatisho cha mwisho kwenye mkataba. Yalikuwa ndiyo mradi wenyewe. Na wapo Waafrika wanaosukuma jambo hili kwa mashine kubwa pia. Muungano wa CAMERA una mpango uitwao Scan With Me, ambao hufundisha wataalamu wa MRI ili wao nao wakawafundishe wenzao. Njia ipo. Kinachokosekana ni kaunti kuitaka.

Kwa hivyo naomba mambo manne, na nayaomba kwa kaunti yangu ya Kwale na nyingine zote.

Kwanza, mashine yoyote ya picha isinunuliwe kabla ya kutajwa watu watakaoitumia. Wasipungue wawili, ili mmoja akiugua huduma isifungwe. Waende wafundishwe kabla kontena halijafika bandarini, na wafundishwe kupima mwili, si kichwa na goti pekee.

Pili, mgonjwa asishuke kitandani hadi picha zitazamwe. Na zikiharibika kwa kosa la hospitali, kipimo cha pili kisimtoe mgonjwa hata shilingi.

Tatu, sauti ya mashine irekodiwe kwa Kiswahili. Mashine nyingi za siku hizi zinaruhusu kurekodi sauti yako. Ni kazi ya alasiri moja. Irekodiwe na Kidigo pia. Na kwa wazee wa Wasini, Kivumba hakitamuumiza mtu.

Nne, ule mpango wa kaunti wa kufadhili masomo, Elimu ni Sasa, utenge nafasi za watoto wanaotaka upigaji picha za kimatibabu. Msambweni tuna kampasi ya KMTC. Chuo hicho cha KMTC kina stashahada ya fani hii, miaka mitatu. Mtoto wa Mkwiro au wa Wasini akisomea hili, hatahitaji kufundishwa namna ya kumwamkia ami.

Na sasa nakuja kwako, uliyesoma hadi hapa ukiwa kwenye matatu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Ada iliniishia, na ukweli usemwe, hata hamu ilikuwa imeniishia. Sina haki ya kukuhubiria masomo. Lakini nilipokuwa shuleni, mtu akisema afya tulisikia kazi mbili: daktari na nesi. Hakuna aliyetuambia kuna mtu anayekaa nyuma ya kioo, anayejua fizikia ya sumaku na pia anajua kumtuliza mzee mwenye hofu, na kwamba bila yeye daktari hana cha kusoma. Ningeambiwa hivyo kidato cha tatu, nilipokuwa naipenda fizikia, labda leo nisingekuwa naandika makala haya. Ningekuwa ndani ya kile chumba. Wewe uliye kidato cha tatu sasa, basi umeshaambiwa.

Na kama hauko shuleni, bado una kazi. Siku ukimpeleka mzazi au mjomba wako kufanyiwa MRI, usikae nje na simu. Kabla hajaingia, uliza maswali matatu. Atapewa maagizo kwa lugha gani? Anaweza kufanya mazoezi ya pumzi kabla ya kuingia? Na nani atazitazama picha kabla hajashuka? Ukiambiwa unasumbua, sumbua kwa heshima.

Mimi siku ile ya kwanza sikuuliza. Nilikuwa pale nje, natazama TikTok, mita kumi kutoka kwa ami yangu aliyekuwa akimsikiliza Mzungu asiyemwelewa.